Waliojenga GoldenEye Mara Mbili

Chumba kile kile kilijengwa mara tatu. Kwanza kilijengwa kwa penseli, juu ya karatasi, na wachoraji waliokuwa chini ya Peter Lamont. Kisha kikajengwa kwa mbao, chuma na plasta na maseremala waliokuwa wakifanya kazi ndani ya kiwanda cha zamani cha injini za ndege huko Leavesden, kaskazini ya London. Mara ya tatu kilijengwa na vijana wachache waliokaa katika majengo ya shamba kijijini Twycross, katikati ya Uingereza, ambao walipewa michoro ile wakaigeuza kuta za mchezo wa video. Filamu ya GoldenEye ilitoka Novemba 1995. Mchezo wa GoldenEye 007 ukafuata Agosti 1997. Steringi wa zote mbili ni James Bond, na sifa nyingi zimemwendea yeye na Pierce Brosnan aliyemwigiza. Historia hii ni ya wale wengine.

1989–1994: Miaka sita bila Bond

Filamu ya Licence to Kill ilipotoka 1989, wapenzi wa Bond walikuwa wamezoea kuletewa filamu mpya kila baada ya miaka miwili hivi. Safari hii walingoja sita. Tatizo lilikuwa mahakamani. Kampuni ya MGM/UA, mshirika wa familia ya Broccoli katika filamu hizo, ilikuwa inaingia mikononi mwa Giancarlo Parretti, mfanyabiashara wa Kiitaliano, na ndani ya mpango huo haki za kuonyesha filamu za zamani za Bond kwenye televisheni zilikuwa ziuzwe kwa bei ambayo familia iliiona ni ya kutupa. Wakashtaki. Kesi ikaburuzwa, na kazi ikasimama.

Huku mawakili wakibishana, wazee wa fani walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Richard Maibaum, aliyeshiriki kuandika miswada ya Bond tangu filamu ya kwanza ya 1962, alifariki 1991. Mwaka huo huo akafariki Maurice Binder, mbunifu wa picha za ufunguzi, ambaye ndiye aliyetupa ule mtutu wa bunduki unaomfuata Bond kwenye kiwambo cheupe. Albert Broccoli, mzee aliyeubeba mfululizo huu tangu mwanzo, alikuwa mgonjwa; usukani ukashikwa na binti yake Barbara na mwanawe wa kambo, Michael G. Wilson. Nje ya studio nako dunia iligeuka: ukuta wa Berlin ulianguka 1989, Umoja wa Kisovyeti ukavunjika 1991, na jasusi aliyekuwa akiishi kwa uhasama wa kambi mbili akabaki hana adui. Aprili 1994 Timothy Dalton akatangaza kwamba hatarudi kuwa Bond. Juni, Brosnan akatambulishwa.

Kwangu mimi, pengo lile ndilo lililoiokoa kazi. Kama filamu ya kumi na saba ingetengenezwa 1991, ingetengenezwa na mikono ile ile kwa mazoea yale yale. Badala yake kila kiti kilichobaki wazi kilipata mtu mwenye la kuthibitisha. Michael France aliandika hadithi ya kwanza, juu ya Urusi iliyojaa silaha zisizo na mwenyewe. Jeffrey Caine akaiandika upya, kisha Bruce Feirstein akaja kuikamilisha. Katika hatua hizo mkuu wa Bond, M, akawa mwanamke, na Judi Dench akapewa maneno ya kumwambia Bond usoni kwamba yeye ni masalia ya Vita Baridi. Uongozaji ukaenda kwa Martin Campbell, mtu wa New Zealand aliyejijengea jina katika tamthilia za televisheni za Uingereza.

1994–1995: Kiwanda cha Leavesden

Watu walikuwepo sasa, jengo halikuwepo. Pinewood, studio iliyokuwa makao ya Bond kwa miongo mitatu, ilikuwa imeshikwa na kazi nyingine. Watayarishaji wakazunguka kutafuta pa kufanyia, wakafika Leavesden. Pale palikuwa na uwanja wa ndege na kiwanda kilichojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kuunda ndege za Mosquito na Halifax. Baada ya vita yalitengenezwa hapo mainjini, ya mwisho yakiwa ya Rolls-Royce ya helikopta, mpaka kiwanda kikafungwa. Palibaki mabanda marefu yenye mapaa ya juu, na nje eneo kubwa lililo wazi. Kugeuza mahali hapo kuwa studio ilikuwa kazi ya kwanza ya filamu hii, na aliyekabidhiwa alikuwa Peter Lamont.

Lamont anastahili kuelezwa kwa utulivu. Alianzia chini kabisa pale Pinewood, kijana wa kutumwa huku na huko. Katika Goldfinger ya 1964 alikuwa mchoraji wa ramani. Akapanda ngazi kwa ngazi hadi kuwa msanifu mkuu wa mandhari wa filamu za Bond kuanzia For Your Eyes Only ya 1981. Mtu aliyepita njia hiyo huchora huku akijua msumari utapigwa wapi. Ndani ya Leavesden alipanga maofisi, karakana na majukwaa, kisha akaanza kujenga: kiwanda cha silaha za kemikali cha Warusi, chumba cha mitambo cha kituo cha Severnaya, hifadhi ya nyaraka za jeshi, bustani ya masanamu ya Lenin na Stalin yaliyong'olewa. Nje, kwenye uwanja, zikasimamishwa sura za majengo ya mtaa mzima wa St Petersburg.

Mtaa huo ulijengwa kwa sababu ya kifaru. Katika mswada, Bond anaiba kifaru na kuwakimbiza maadui katikati ya mji. Sehemu ya mbio hizo ilipigwa St Petersburg yenyewe, lakini hakuna mji wa kihistoria unaokubali tani thelathini na kitu za chuma zibomoe kuta zake. Basi uharibifu ukahamishiwa Leavesden, ambako kuta zilikuwa za Lamont na zilijengwa ili zibomolewe. Kifaru chenyewe kilikuwa cha zamani, cha aina ya T-55, kikavishwa maganda ya bandia kionekane cha kisasa, na minyororo yake ikawekewa mpira ili isichimbe barabara za mji. Aliyekiendesha alikuwa Gary Powell, mtu wa ukoo wa waigizaji wa matukio ya hatari.

Kamera zilianza kazi tarehe 16 Januari 1995. Tukio linalofungua filamu, ambalo watu hulikumbuka kuliko yote, halikufanywa na Brosnan. Wayne Michaels ndiye aliyesimama juu ya ukuta wa bwawa la Contra, katika bonde la Verzasca kusini mwa Uswisi, kimo cha mita 220, akajirusha kichwa chini akiwa amefungwa kamba ya mpira. Hatari haikuwa urefu peke yake. Ukuta wa bwawa lile umepinda, na mtu anayening'inia huweza kusukumwa na upepo akajigonga kwenye zege. Tena alitakiwa, akiwa bado anaanguka, atoe bastola ya kamba na kuielekeza chini. Watazamaji wanaona mgongo wake tu, sekunde chache. Watu wengi wanaoujua mruko huo hawalijui jina lake, na hilo linanisikitisha kila ninapolifikiri.

Derek Meddings naye alikuwa na kona yake, na yeye alifanya kazi kwa udogo. Miaka ya 1960 alikuwa akitengeneza vyombo vya anga vya tamthilia ya vikaragosi ya Thunderbirds. Baadaye akatengeneza modeli za filamu kadhaa za Bond na kushiriki tuzo ya Oscar kwa Superman. Mwaka 1995 kompyuta zilikuwa zimeanza kuwameza mafundi wa aina yake. Campbell na watayarishaji wakamchagua hata hivyo. Kituo cha Severnaya kinapolipuka kwenye theluji, ni modeli yake. Ziwa linapokauka na sinia kubwa la antena kuibuka chini yake, ni modeli pia, ikapachikwa kando ya picha za darubini halisi ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, iliyokuwa na kipenyo cha mita 305. Macho hayaoni mahali zilipounganishwa. Meddings alifariki Septemba 1995, miezi miwili kabla ya kazi yake kuonekana, na filamu ikawekwa wakfu kwake. Kando yake alifanya kazi Chris Corbould, fundi wa milipuko na mitambo, ambaye baadaye alipata Oscar kwa filamu ya Inception.

Mengine niyapitie kwa haraka. Kiti cha Binder kilichukuliwa na Daniel Kleinman, mwongozaji wa video za muziki, aliyefungua filamu kwa wanawake wanaovunja masanamu ya Kisovyeti kwa nyundo. Hakuna aliyesimulia kuanguka kwa dola ile kwa dakika chache vizuri kuliko yeye. Wimbo uliandikwa na Bono na The Edge, ukaimbwa na Tina Turner. Muziki wa ndani ulitungwa na Mfaransa Éric Serra, ila sehemu ya mbio za kifaru ilionekana haichangamki, akaitwa John Altman aitunge upya akiurudisha ule mdundo wa Bond uliozoeleka. Onyesho la kwanza lilifanyika New York tarehe 13 Novemba 1995. Filamu iliyogharimu kama dola milioni 60 iliingiza zaidi ya milioni 350.

1994–1996: Shambani Twycross

Turudi nyuma mwaka mmoja. Novemba 1994, kabla hata ya kamera kuwashwa, kampuni ya Nintendo ilikuwa na haki ya kutengeneza mchezo kutokana na filamu inayokuja, nayo ikaipendekeza kwa Rare. Kampuni hii ilianzishwa na ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, na ilikuwa kwenye majengo ya shamba la zamani huko Twycross, jimbo la Leicestershire. Mchezo wao wa Donkey Kong Country ulikuwa ndiyo kwanza umetoka na kuuzwa kwa wingi mno. Wazo la mwanzo lilikuwa la kawaida: Bond atembee kutoka kushoto kwenda kulia, aruke, apige. Michezo ya filamu za siku zile mingi ilikuwa hivyo, tena mibovu, kwa kuwa ilitengenezwa kwa pupa ili itoke pamoja na filamu.

Aliyelikataa wazo hilo alikuwa Martin Hollis, kijana aliyesomea kompyuta Cambridge, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mchezo mmoja tu wa Rare, Killer Instinct. Aliomba kazi hiyo apewe yeye, na aifanye kwa ajili ya mashine ambayo Nintendo ilikuwa bado inaiunda, ile iliyokuja kuitwa Nintendo 64. Ndugu Stamper wakakubali. Hollis akaanza kukusanya watu: Mark Edmonds wa kuandika programu; Karl Hilton wa kujenga mandhari; B. Jones wa kuchora watu; Duncan Botwood wa kupanga ngazi za mchezo; baadaye David Doak, aliyekuwa mtafiti wa biokemia huko Oxford na kuajiriwa Rare kutunza mtandao wa kompyuta; kisha Adrian Smith na Steve Ellis. Muziki ulianzwa na Graeme Norgate, na Grant Kirkhope, mpiga gitaa na tarumbeta wa bendi, akaubeba sehemu kubwa. Wengi wa watu hawa hawakuwahi kutengeneza mchezo hata mmoja.

Ndipo Leavesden na Twycross zikakutana. Hollis na wenzake walikwenda studio filamu ikiwa inatengenezwa, zaidi ya mara moja. Walipiga picha za kuta, milango, mabomba, mavazi. Wakapewa nakala za michoro ya idara ya Lamont. Hilton akarudi nayo Twycross, akajenga vyumba kwa kufuata vipimo vya maseremala. Ukiingia leo katika hifadhi ya nyaraka ya mchezo ule, unatembea ndani ya jengo ambalo Lamont alilipima kwa ajili ya kamera.

Lakini filamu hujenga upande unaoonekana tu. Nyuma ya ukuta wa Lamont kulikuwa na mbao za kuuegemeza, basi. Mchezaji wa video hufungua kila mlango, na lazima akute kitu. Kwa hiyo Hilton na Botwood walilazimika kuimalizia dunia ile: vyumba ambavyo Bond wa filamu hakuviingia, ngazi zinazoshuka, vyoo vya askari. Hollis baadaye alieleza hadharani kwamba waliijenga mandhari kwanza, kabla ya kuamua mchezaji ataingilia wapi, adui watasimama wapi na kazi gani itafanywa humo. Katika fani hiyo, huo ni utaratibu wa kinyume. Matokeo yake ni vyumba visivyo na kazi yoyote, njia mbili tatu za kufika mahali pamoja, na hisia kwamba jengo lilikuwepo kabla hujafika. Naamini hicho ndicho kilichoufanya mchezo uaminike, kuliko silaha zake zote.

Walifanya kazi kwa kubahatisha pia, kwa maana mashine yenyewe haikuwepo. Waliandika kwenye kompyuta za Silicon Graphics wakikadiria nguvu ambayo Nintendo 64 ingekuwa nayo, na kujaribia vidhibiti vya Sega Saturn walivyovirekebisha. Mashine halisi ilipofika, kilichokuwa kizito kilipunguzwa. Mwanzoni walitaka mchezaji apelekwe kama aliye kwenye reli, abaki na kulenga tu, kwa kuiga Virtua Cop, mchezo wa Sega. Walipomwachia atembee anakotaka, walibaki na kilicho bora cha Virtua Cop: adui kuumia kulingana na mahali alipopigwa, awe mguuni au begani. Mwili unaoanguka kwa namna hizo zote ni wa Duncan Botwood, aliyevishwa vipokezi vya mwendo na kujiangusha mara baada ya mara. Nyuso za askari wengi ni za wafanyakazi wenyewe wa Rare. Yule mwanasayansi anayemsubiri Bond kiwandani anaitwa Doak.

1997: Nyongeza ya dakika za mwisho

Tarehe ya filamu ilipita na mchezo haujaiva. Mwaka 1996 ukapita. Sijui makampuni mengi ambayo yangevumilia hivyo, na hapa ndugu Stamper na Nintendo wanastahili shukrani ya kweli: waliwaacha vijana wamalize. Kucheleweshwa kule ndiko kulikozaa sehemu inayokumbukwa zaidi.

Nintendo 64 ilikuwa na matundu manne ya vidhibiti. Zikiwa zimebaki kama miezi sita, Steve Ellis alijifungia na programu iliyoandikwa kwa mchezaji mmoja na kuanza kuigeuza watu wanne wacheze pamoja, kiwambo kikiwa kimegawanywa robo nne. Wakubwa hawakuulizwa kwanza. Walionyeshwa kilipokuwa tayari kinafanya kazi. Katriji nzima ilikuwa ya megabaiti 12, ndogo kuliko picha chache za simu ya leo, na bado humo walitoshea majasusi, majengo, muziki na uadui wa marafiki wanne sebuleni.

Mambo mengine yalikatwa. Nyuso za Connery, Moore na Dalton, waliomwigiza Bond kabla ya Brosnan, ziliwekwa ili kila mchezaji achague Bond wake, zikaondolewa kwa kukosa ruhusa. Shigeru Miyamoto, mtunzi mkuu wa Nintendo, aliona mauaji yamezidi, akapendekeza kwamba mwishoni Bond aende hospitali kuwapa mkono adui zake wote. Hollis hakulifuata hilo, ila alilichukua moyoni: akaongeza orodha ya majina ya mwisho inayowatambulisha wahusika kama waigizaji, ili mchezaji akumbuke kwamba yale yalikuwa maigizo.

Mchezo ulitoka tarehe 25 Agosti 1997, karibu miaka miwili baada ya filamu, wakati filamu nyingine ya Bond ilikuwa njiani kuja. Haukutarajiwa makubwa. Ukauzwa zaidi ya nakala milioni nane, na 1998 ukapata tuzo ya BAFTA. Hadi hapo, michezo ya kupiga risasi kwa jicho la mhusika ilihesabiwa kuwa ya kompyuta za mezani. Baada ya hapo, ikahamia kwenye televisheni za nyumbani, na haijaondoka.

1998 na kuendelea: Waliotawanyika

Rare ilipewa nafasi ya kutengeneza mchezo wa filamu iliyofuata ya Bond, Tomorrow Never Dies, ikakataa. Vijana walikuwa wamemchoka Bond, wakaanza dunia yao wenyewe, Perfect Dark. Hollis aliondoka 1998 kabla haijakamilika. Doak, Ellis, Hilton na Norgate nao wakatoka, wakaanzisha kampuni ya Free Radical Design na kutengeneza mchezo wa TimeSplitters. Mwaka 2002 Microsoft iliinunua Rare kwa dola milioni 375, na kuanzia hapo mchezo wa GoldenEye 007 ukawa na wenyewe wengi mno: Nintendo, Microsoft, wenye haki za Bond. Toleo lililoboreshwa lilitengenezwa likakwama kwa kukosa makubaliano. Mwaka 2010 ukatoka mchezo mwingine wenye jina hilo, uliotengenezwa na Eurocom, na aliyeuandikia hadithi alikuwa Bruce Feirstein, yule yule aliyekamilisha mswada wa 1995. Ni mmoja wa wachache waliovuka kutoka upande mmoja wa kazi hii hadi mwingine.

Leavesden haikurudi kuwa kiwanda. Filamu za Harry Potter zilitengenezwa humo kwa miaka kumi, kisha Warner Bros. ikapanunua. Lamont alikwenda kujenga meli ya filamu ya Titanic, akapata Oscar, akarudi kwa Bond hadi Casino Royale ya 2006. Alifariki Desemba 2020, mwezi ule ule ambao jukwaa la darubini ya Arecibo lilikatika na kuanguka juu ya sinia lake. Mwenye kutaka kuona sinia lile likiwa zima sasa ana filamu.

Tarehe 27 Januari 2023 mchezo wa asili ulirudi kwenye mashine za Nintendo na Xbox, na kwenye Nintendo Switch watu wanne waliweza kwa mara ya kwanza kuucheza rasmi kwa mtandao wakiwa mbalimbali. Majina ya mwisho yamo. Msomaji ukiumaliza, au ukiitazama filamu, usizime mapema: subiri lipite jina la Meddings, la Michaels, la Lamont, la Hilton na la Ellis.